Pamba Ndani ya Kikopo

Majirani, na hasa ninyi mnaoishi katika ploti zenye kuta za mabati zinazopitisha hata kikohozi, hii ni habari ya nyumba moja pale Nyamasaria. Imesimuliwa sokoni kwa namna nyingi, na nyingi kati ya hizo ni za uongo. Sikilizeni ilivyokuwa.

Jumamosi moja jioni, mwezi wa pili, Elsie Nakhungu alikuwa ameketi mlangoni pake akichambua mboga ya mrenda. Mumewe, Waliaula, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amepiga magoti uani akikaza mguu wa meza. Mtoto wao wa pekee, Cliff, alikuwa shule ya bweni. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba. Wali wa watu ulikuwa ukinukia ploti nzima.

"Baba Cliff," Elsie akasema, "hiyo meza umeitengeneza mara ngapi tangu tuoane?"

"Meza ni nzuri. Ni wewe unaiegemea vibaya."

"Sema tu nimenenepa."

"Mimi sijasema. Meza ndiyo imesema."

Elsie akamrushia jani la mrenda. Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokaa pamoja miaka kumi na minane. Kama simu isingelia, mngesema hapa pana nyumba yenye amani.

Simu ya Waliaula ililia saa moja kamili. Haikuwa simu ya mtu. Ilikuwa kengele aliyoitega mwenyewe. Akaizima haraka kama mtu anayeua mbu, akachota maji kikombeni, akazunguka nyuma ya nyumba alikoweka boksi lake la vifaa. Akarudi akipangusa midomo.

"Umeenda wapi?"

"Kufunga boksi."

"Na maji?"

"Kiu."

Ilikuwa siku ya nne mfululizo Elsie kuisikia kengele hiyo, na siku ya nne kuambiwa neno hilo la kiu. Akaendelea na mrenda wake, lakini majani aliyoyachambua baada ya hapo aliyatupa pamoja na vikonyo, akaacha kilichofaa kutupwa.

Shaka ikishaingia ndani ya nyumba haikai bure. Inatafuta kazi. Elsie akaanza kukumbuka. Waliaula alikuwa amenunua raba, nyeupe, na kila siku kabla jua halijachomoza alikuwa akizivaa na kutembea barabara ya kwenda Ahero, akirudi ametokwa na jasho na uso umemchangamka. Alikuwa ameacha kwenda kwa Waswa kunywa pombe ya busaa. Mkanda wake ulikuwa umeingia matundu mawili. Kibaya zaidi, alikuwa ameanza kukataa chakula chake.

Mjue kwamba Elsie ni mchuuzi wa samaki. Mara mbili kwa wiki alikwenda Luanda Kotieno, ufukweni kule zinakotia nanga boti, kununua obambla, yaani ngege aliyepasuliwa, akapakwa chumvi ya kutosha, akaanikwa juani. Aliwauza soko la Kondele, na waliobaki waliliwa nyumbani. Waliaula alikuwa mtu wa obambla. Alimwoa Elsie, alipenda kusema, kwa sababu ya mikono yake miwili na sufuria moja. Sasa akiandaliwa, anavuta mrenda, anaacha samaki.

"Siku hizi inanichoma kifua," alisema.

"Miaka kumi na minane haikukuchoma."

"Basi imeanza."

Huko Kondele, Elsie alimweleza jirani yake wa meza, Mama Oketch, ambaye husikiliza kwa mwili mzima.

"Wololo!" Mama Oketch akapiga makofi. "Mwanamume wa miaka hamsini hanunui raba bure. Na tumbo limepungua?"

"Limepungua."

"Dada, mwanamume hapunguzi tumbo. Kuna mtu anamwambia alipunguze."

Naam, mtu alikuwa akimwambia alipunguze. Katika hilo Mama Oketch hakukosea. Lakini ngojeni.

Elsie akaanza kuipekua simu. Siku moja mumewe akiwa bafuni aliifungua, akakuta jina moja, Emmaculate, na ujumbe wa jana yake: "Usisahau leo saa moja. Alhamisi nakungoja, na usichelewe kama juzi." Akausoma mara tatu. Maji yalipoacha kumwagika bafuni, akairudisha simu mahali pake na kuigeuza kama ilivyokuwa.

Toka hapo hakuna aliyesalimika. Hata Rehma, jirani wa mlango wa tatu, akawekwa kwenye orodha. Rehma ni mama mtulivu wa watu, mjane, mhudumu wa afya ya jamii, anayepita nyumba kwa nyumba na begi lake na mashine ya kupimia presha. Miezi mitatu kabla, alikuja na watu wawili wa utafiti waliotaka kuwapima watu wazima wa mtaa mzima. Elsie aliwasimamisha mlangoni.

"Mnapima ili iweje?"

"Ili mtu ajue presha yake, mama," alijibu mmoja.

"Mimi naijua. Iko ndani yangu. Na damu yangu haina kazi na mashine yenu."

"Hatutoi damu, Mama Cliff," Rehma akamwambia kwa upole. "Tunafunga mkono tu, inakaza, inalegea."

"Kafungeni wengine."

Wakaenda. Siku chache baadaye, Elsie alimkuta Rehma na Waliaula wakizungumza kwa sauti ya chini bombani, na alipofika wakanyamaza. Wakati ule hakujali. Sasa alijali. Akaamua kwamba Rehma ndiye mpeleka salamu wa yule Emmaculate.

Mtu akiniuliza kwa nini hakumuuliza mumewe, nitamuuliza na yeye mara ya mwisho aliuliza lini. Wengi wetu tunapekua kwanza. Swali tunaliogopa kwa sababu linaweza kujibiwa.

Jumatano moja, Waliaula akiwa gereji, Elsie alilifungua boksi la vifaa. Chini ya vijiti vya kuchomelea palikuwa na soksi kuukuu, na ndani ya soksi kikopo cheupe cha plastiki, kile cha dawa. Karatasi yenye maandishi ilikuwa imebanduliwa. Akakitikisa. Hakikutoa sauti. Akakifungua, akakuta pamba imeshindiliwa hadi mdomoni, na chini ya pamba vidonge.

Akakaa chini pale pale kwenye udongo.

Mtu wa mbali hataelewa, lakini watu wa huku kwetu wataelewa. Kando ya ziwa hili tumeishi na ukimwi miaka mingi. Watu wanameza dawa zao, wanafanya kazi, wanalea, wanazeeka. Dawa zimefanya kazi yake, ila mdomo wa jirani haujapona. Hadi leo vidonge vikilia ndani ya kikopo nyuma ya ukuta wa mabati, kuna mtu anamkonyeza mwenzake. Kwa hiyo wapo wanaotia pamba ndani ya kikopo kisilie, au wanaofunga vidonge kwenye karatasi. Elsie alilijua hilo, kama kila mtu anavyolijua. Raba, tumbo, Emmaculate, kengele ya saa moja, na sasa pamba. Kwake yote yalikuwa yamekaa kwenye mstari mmoja.

Kesho yake alikwenda kupimwa mjini, mbali na macho ya mtaa. Hakuwa na virusi. Mshauri aliyempa majibu, binti mpole, alimwambia, "Mama, ni vizuri. Sasa mlete na mzee, mzungumze hapa, mimi nikiwepo."

"Nitamleta," Elsie akasema.

Hakumleta. Majibu yale, ambayo yangempa pumzi, yalimpa hasira. Alijiona ameponea chupuchupu mikononi mwa mtu ambaye hata hakumwonya. Akampigia simu Khaemba, kaka mkubwa wa Waliaula, kule Bungoma.

"Shemeji, nataka kikao. Jumapili ya mwisho wa mwezi. Uje na wazee wawili."

"Kuna nini, mama?"

"Si jambo la simu. Kuna kitu nitakiweka mezani, mtakiona kwa macho."

Kitu chenyewe alikuwa ameshakichukua. Alikitoa kikopo kwenye soksi, akakifunga kwa gazeti, akakitia ndani kabisa ya mkoba wake wa sokoni, chini ya kisu na leso. Alisema moyoni: akikikosa ataniuliza, na akiniuliza atakuwa amekiri. Ndivyo alivyopanga. Mtego wa kumfanya mtu aseme.

Jioni ile kengele ililia saa moja. Waliaula akachota maji, akaenda nyuma ya nyumba. Elsie akasikia vyuma vikihamishwa, kimoja kimoja, kisha vyote kwa pamoja vikimwagwa chini.

"Unatafuta nini?" akauliza kutoka mlangoni.

"Spana."

"Spana namba ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Giza hili, spana ya nini?"

"Ya kesho."

Wakatazamana. Elsie aliona uongo machoni mwa mumewe na akaonja utamu mchungu wa mtu aliyethibitisha. Waliaula alirudi ndani na kile kikombe cha maji mkononi, akayamwaga mlangoni.

Hakuuliza. Siku ya pili hakuuliza. Siku ya tano kengele ililia, akaizima akiwa ameketi. Siku ya nane haikulia kabisa. Elsie akahesabu hayo kama ushindi. Mwanamke yule, aliwaza, amemwacha au ameachwa.

Siku ya tisa, Waliaula alirudi kutoka gereji mapema, amejishika kisogo.

"Mama Cliff, kichwa kinanigonga huku nyuma. Kama nyundo."

"Nenda kwa anayekituliza," Elsie akamjibu, akageuza samaki.

Alimtazama mkewe kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Kisha akaenda kulala bila kula. Elsie mwenyewe alikuwa akiumwa na kichwa siku hizo, kuanzia asubuhi hadi jioni, na macho yalikuwa yakiona nyota akiinama. Alisema ni huyu mwanamume, na wapo akina mama sokoni waliokubaliana naye.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumatatu. Waliaula alikwenda kutembea kama kawaida, akarudi, akaketi kwenye ngazi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Elsie alimletea uji, akaupokea kwa mkono wa kulia, akapiga funda moja, na kikombe kikaanguka kama kilichoachwa na mtu aliyelala. Uji ukamwagika rabani. Alitaka kusema kitu. Maneno yalitoka yamevimba, hayana kingo, na uji uliokuwa mdomoni ukachuruzika upande mmoja.

"Umelewa?" Elsie akasema. "Asubuhi hii? Ndiko unakotembea?"

Waliaula akaguna.

"Nijibu kama mtu mzima!"

Akajaribu kusimama, akayumba, akaegemea mlango. Elsie alimnusa. Hakunusa pombe, na hili alilikumbuka baadaye zaidi ya mengine yote: kwamba pua yake ilimwambia, naye akaikatalia. Alimkokota hadi kitandani, akamwacha na viatu vyenye uji, akabeba mkoba wake na beseni la samaki.

"Ukilevuka, tutaongea Jumapili mbele ya kaka yako."

Akaenda Kondele. Alimsimulia Mama Oketch. Wakacheka, kicheko cha aina ile isiyomfurahisha anayecheka. Mkoba ulikuwa miguuni pake muda wote, na kikopo ndani yake, na pamba ndani ya kikopo.

Saa saba na nusu Rehma alikuwa akipita kwenda bombani, akasikia kitu kikigongagonga ukuta wa mabati kutoka ndani. Pigo moja, kimya, pigo moja. Akaita hodi. Alipoingia alimkuta Waliaula ameanguka sakafuni, anagonga kwa mkono wa kushoto.

Rehma hakuuliza kama amelewa. Alimwambia, "Baba Cliff, nionyeshe meno." Upande mmoja wa uso ukapanda, wa pili ukabaki chini. "Inua mikono yote miwili." Mmoja ukainuka. "Sema jina langu." Jina halikutoka. Rehma akatoka mbio uani akaita tuktuk, na akampigia Elsie simu.

"Mama Cliff, tukutane hospitali. Mzee amepata kiharusi."

"Amelewa, Rehma. Nimemwacha amelewa."

"Hajalewa. Alianza saa ngapi?"

Elsie aliacha samaki mezani, akabeba mkoba wake, akakimbilia barabarani.

Hospitalini, daktari kijana mwenye macho mekundu ya kutolala alimuuliza swali hilo hilo kabla hata ya salamu.

"Mama, dalili zilianza saa ngapi? Nataka saa, si asubuhi tu."

"Saa tatu."

Daktari akatazama ukutani. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache. "Nani alikuwa naye?"

"Mimi."

"Na mkamleta sasa?"

"Nilidhani..." Elsie akaanza, akaacha.

Daktari hakumgombeza. Alisema kwa sauti ya kawaida, na pengine ndiyo maana ilikata zaidi. "Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani. Tukishapiga picha na kuona inafaa, tunaitoa ndani ya saa nne na nusu hivi tangu kuanza. Muda huo umepita. Tutamtibu, lakini mlango huo umefungwa. Sasa niambie, presha yake ni mia mbili na kumi. Anatumia dawa gani?"

"Dawa?" Elsie akacheka kicheko kikavu. "Muulize mwanamke wake."

"Mwanamke gani?"

Simu ya Waliaula alikuwa nayo Rehma. Elsie akaichukua, akatafuta jina, akapiga, akaiweka ili wote wasikie. Alitaka daktari asikie. Alitaka Rehma asikie.

"Kliniki ya presha, Sista Emmaculate," ikasema sauti ya mama mtu mzima. Nyuma yake watoto walikuwa wakilia na mtu akiita namba za foleni. "Ni Mzee Waliaula? Mbona hukujibu ujumbe wangu, baba? Unameza ile dawa? Na chumvi? Samaki wa mama bado unamwogopa?"

Daktari akaipokea simu mkononi mwa Elsie, akajitambulisha, akasogea dirishani. Akasema "ndiyo" mara kadhaa. Akarudi.

"Aligunduliwa na presha ya juu miezi mitatu iliyopita, kwenye ule upimaji wa mtaani. Kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa mbili ndani yake. Alikuwa anaendelea vizuri sana, anasema sista. Ilikuwa imeshuka hadi mia moja na thelathini na mbili. Sasa kwa nini imepanda hivi? Aliacha?"

Elsie alifungua mkoba. Akatoa kisu, akatoa leso, akatoa kifurushi cha gazeti kilichonuka samaki. Akakifungua na kukiweka kikopo mezani. Ndiyo meza aliyoipata.

Daktari akavuta pamba. Akamimina vidonge kiganjani. "Hivi vimekaa kwako siku ngapi?"

"Kumi na moja," Elsie akasema.

Rehma alikuwa amesimama kando yake. Alijua tangu mwanzo, kwa maana ndiye aliyempima Waliaula. Hakuwa na ruhusa ya kusema la mgonjwa kwa mtu mwingine, hata kwa mkewe, na hakusema. Sasa pia hakusema. Alivuta kiti, akamkalisha Elsie.

Jumapili ya mwisho wa mwezi Khaemba alifika kutoka Bungoma na wazee wawili, kofia mkononi. Kikao kilifanyika wodini, wamesimama kandokando ya kitanda, kwa kuwa mdaiwa hakuweza kuketi. Mkono wa kulia wa Waliaula ulikuwa umelala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine.

"Shemeji," Khaemba akamwuliza Elsie polepole, "ulisema kuna jambo utaliweka mezani. Ni lipi?"

Elsie aliwatazama wazee. Angeweza kusema lolote. Hakuna aliyejua.

"Ni mimi," akasema. "Jambo lenyewe ni mimi." Akawaeleza yote, kuanzia kengele hadi gazeti.

Waliaula alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Anatembea kwa kuburuta mguu. Mkono wa kulia unashika kijiko, haushiki chuma cha moto, na gereji imechukuliwa na mwingine. Maneno yamerudi, lakini yanakuja mojamoja, kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba. Jioni moja, Elsie akimnyoosha vidole kama alivyofundishwa, aliuliza lile swali ambalo alipaswa kuuliza mwezi wa pili.

"Kwa nini pamba, Baba Cliff? Kwa nini hukuniambia?"

Alichukua muda. "Wewe... unaenda... Luanda Kotieno."

"Ndiyo."

"Watu... wanasema... wanawake wa samaki." Akapumzika. Elsie alijua wanachosema. Kila mwanamke anayenunua samaki ufukweni anajua wanachosema, kwamba hulipa kwa mwili wapate samaki wazuri. "Wangesikia... vidonge. Wangesema... wewe umeleta. Hapa... kila kitu kinasikika. Nikatia... pamba."

"Na mimi? Mimi ningesema nini?"

"Ungeapa... ungegombana... na ploti nzima." Upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu. "Nakujua."

Alieleza na lililobaki. Kikopo kilipopotea alidhani kimeibwa pale uani. Aliona haya kurudi kliniki kusema dawa za watu amezipoteza. Na siku zile za kwanza alikuwa akijisikia mzima, haumwi popote, akasema atangoja tu tarehe yake ya Alhamisi ya mwezi ujao. Kwa hiyo na yeye, majirani, hana mikono mitupu katika hili. Alimlinda mkewe dhidi ya maneno ya watu kwa kumwacha gizani, na gizani mtu hujigonga.

Rehma alikuja na mashine yake. Safari hii Elsie alimpa mkono bila kuambiwa. Ikakaza, ikalegea. Mia moja na sitini na nane. "Leo una huzuni, tutarudia," Rehma akasema. Akarudia kesho yake, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Haikushuka. Kile kichwa na zile nyota za macho alizomsingizia mume zilikuwa presha yake mwenyewe, iliyokaa ndani yake bila kupimwa tangu siku alipowafukuza wenye mashine mlangoni.

Sasa vikopo viwili viko juu ya ile meza yenye mguu mbovu. Siku ya kwanza ya dawa yake, kengele ililia saa moja jioni. Elsie alivuta pamba ambayo mumewe alikuwa bado anaitia kikoponi, akaitupa ndani ya jiko, ikashika moto. Kisha akachukua kikopo kimoja kila mkono, akasimama mlangoni, akavitikisa kwa nguvu kama kayamba. Redio ya jirani ikapunguzwa.

"Ni ya presha!" akapaza sauti. "Yake na yangu! Mwenye swali aje aniulize, chai iko!"

Ploti ikawa kimya. Mtu akacheka, akaacha. Halafu, kutoka nyumba ya pembeni kabisa, nyuma ya mabati, vidonge vikalia ndani ya kikopo, kidogo, mara mbili. Elsie alisikiliza. Hakuuliza ni vya nini. Akarudi ndani, akamshikia mumewe kikombe cha maji.

FUNZO

Presha ya juu haipigi hodi. Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika nchi hii anayo, na wengi wao hawajui, kwa sababu haiumi. Kujisikia mzima si kipimo. Kipimo ni ile mashine, na akija mhudumu wa afya mlangoni mwako mpe mkono kwanza, maswali baadaye.

Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha mambo ambayo hata mimi nisiye daktari nayaelewa: kwamba kidonge kimoja chenye dawa zaidi ya moja humezwa vizuri kuliko rundo la vidonge, na kwamba presha hushuka zaidi pale mtu anapofuatwa na kupimwa nyumbani na watu wa mtaa wake. Chumvi ipunguzwe, na chumvi si ile ya kijiko tu. Obambla ni chumvi. Magadi ya kulainishia mrenda nayo yana madhara yale yale. Kutembea kunasaidia. Lakini dawa ya presha haiachwi kwa sababu umepata nafuu. Ikiisha au ikipotea, rudi kliniki siku hiyo hiyo, na haya zako ukaziache nje ya geti.

Mtu akipinda mdomo, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, usimnuse. Tazama saa, mkimbize hospitali.

Na ninyi wenye ndoa: dawa ya mwenzio si ushahidi wa kesi. Usiifiche, usiifanye mtego. Muulize. Na wewe unayemeza, sema kabla hujaulizwa. Wenye masikio nyuma ya ukuta nao nawaambia bila kuzunguka: pamba ile aliishindilia Waliaula, lakini ninyi ndio mliomnunulia.